OK: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maana na Asili Yake

Ni herufi mbili tu, lakini hakuna neno la Kiingereza lililotungiwa hadithi nyingi za asili kuliko hili. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara. Tumeanza na yale mepesi, na yenye utata yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

OK maana yake nini hasa?

Kwa kifupi, "sawa". Mtu anakubali ombi, anatoa ruhusa, anasema hali yake si mbaya, au anaashiria kwamba amesikia na mazungumzo yaendelee. Kazi zote hizo zinafanywa na neno hilo hilo moja, na msikilizaji anatambua ipi imekusudiwa kwa kusikiliza sauti na kuangalia mazingira.

Kinachounganisha matumizi hayo yote ni kwamba OK inathibitisha bila kusifu. Mtu akikuuliza filamu ilikuwaje nawe ukamjibu "It was OK", hujasema ni mbaya, ila hatakimbilia kununua tiketi. Fundi akikagua mtambo akaandika OK, hasemi mtambo ni mzuri kuliko mingine. Anasema unafanya kazi. Lugha nyingi zina maneno ya kusifu na maneno ya kulaumu kwa wingi, lakini neno fupi la kusema "inatosha, twende" bila kuongeza chumvi ni adimu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo siri ya OK ilipo, na utaona jambo hili likijirudia katika majibu mengi huko mbele.

Herufi O na K zinasimama badala ya nini?

Zinasimama badala ya "oll korrect", yaani "all correct" (yote sahihi) iliyoandikwa kimakosa kwa makusudi. Ndiyo, kifupisho maarufu kuliko vyote duniani kinamaanisha "yote sahihi", na herufi zake zote mbili si sahihi. Huo ndio uliokuwa utani wenyewe. Habari kamili iko kwenye swali la "Neno lilianzia wapi?".

Ni neno la Uingereza au la Marekani?

La Marekani, tena la mji mmoja: Boston. Waingereza walilipokea baadaye, na kwa muda mrefu wengi wao waliliona kama neno la kihuni kutoka ng'ambo.

## Asili yake

Neno lilianzia wapi?

Katika gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akirushiana maneno ya mzaha na mhariri wa gazeti la mji wa Providence. Chanzo cha mzaha ni kikundi cha watani wa Boston kilichojiita Anti-Bell-Ringing Society, yaani chama cha kupinga upigaji kengele, ambacho kilikuwa na safari ya kwenda New York. Greene akaandika kwamba wenzake hao wakipitia Providence, mhariri wa kule angehakikisha kila kitu kiko "o.k." na vizibo vya chupa vinaruka juu kama cheche. Mara baada ya herufi hizo akaweka ufafanuzi: "all correct".

Ufafanuzi huo ni ushahidi mkubwa. Mwandishi hafafanui neno ambalo kila msomaji analijua. Greene alijua kifupisho hicho ni kigeni machoni pa wasomaji wake, hivyo akawasaidia kidogo ili wacheke pamoja naye.

Kwa nini mhariri mzima aandike makosa kwa makusudi?

Kwa sababu ilikuwa fasheni. Miaka ya 1838 na 1839 magazeti ya Boston yalishikwa na homa ya kufupisha misemo, na mchezo ulinoga zaidi pale msemo wenyewe ulipoandikwa kama mtu asiyejua kusoma. "All right" ikawa "oll wright", kisha O.W. "No use" ikawa "know yuse", kisha K.Y. Kulikuwa pia na N.G. kwa "no go", yaani haiwezekani, na G.T. kwa "gone to Texas", iliyotumika kumsema mtu aliyekimbia madeni yake.

Ukiwaona vijana wa leo wakifupisha kila kitu kwenye simu, kumbuka kwamba wahariri wenye tai na kofia ndefu walitangulia.

Kama vifupisho vilikuwa vingi hivyo, kwa nini OK pekee ndiyo iliyobaki?

Bahati na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, wa chama cha Democratic, alikuwa akitetea kiti chake. Van Buren alizaliwa katika mji mdogo wa Kinderhook, jimbo la New York, na moja ya majina yake ya utani lilikuwa Old Kinderhook. Herufi za mwanzo ni O na K. Wafuasi wake mjini New York wakaanzisha klabu waliyoiita O.K. Club, na ghafla herufi zile zikawa na maana mbili kwa pamoja: mgombea wetu ni mzee wa Kinderhook, na mgombea wetu yuko sawasawa.

Wapinzani wao, chama cha Whig, hawakukaa kimya. Waliigeuza silaha hiyo hiyo na kuanza kutunga tafsiri za kejeli. Mojawapo ilikuwa "Out of Kash", yaani mtu aliyeishiwa, na tusisahau kwamba uchumi wa Marekani ulikuwa umeyumba vibaya tangu mwaka 1837. Kila upande ulipoongeza tafsiri yake, neno lilizidi kuenea. Van Buren alishindwa uchaguzi huo na William Henry Harrison, lakini kufikia wakati huo kila msomaji wa magazeti alikuwa amekutana na OK mara nyingi kiasi kwamba haikuwa rahisi kuisahau.

Msukumo wa pili ulitoka kwenye telegrafu, iliyoanza kusambaa Marekani baada ya Samuel Morse kuonyesha laini yake kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844. Mpiga telegrafu aliyepokea ujumbe salama alihitaji jibu fupi lisilochanganywa na jingine, na OK ikafaa. Reli nazo ziliendeshwa kwa telegrafu, hivyo OK ikawa ni jambo la kazi: treni imepita, ujumbe umefika. Hapo utani ukazikwa, kwa kuwa mtu wa zamu ya usiku hakuwa na haja ya kujua kichekesho cha mhariri wa Boston.

Nani aliyegundua haya yote?

Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alichapisha makala iliyoonyesha uhusiano wa OK na O.K. Club ya mwaka 1840. Watu wengi wangeishia hapo. Yeye aliendelea kupekua magazeti ya zamani hadi akarudi nyuma kwenye ule mzaha wa mwaka 1839, na katika miaka ya 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech akieleza ushahidi wote, pamoja na kuzichambua hadithi pinzani moja baada ya nyingine. Kamusi kubwa za Kiingereza leo zinafuata maelezo yake.

Zingatia kwamba alifanya kazi hiyo kabla magazeti hayajawekwa kwenye kompyuta. Hakukuwa na sehemu ya kuandika herufi mbili na kubofya "tafuta".

## Hadithi nyingine za asili

Je, si kweli kwamba Rais Andrew Jackson ndiye aliyeanza, kwa kuwa hakujua tahajia?

Hapana. Hadithi hiyo ilizuka wakati wa uchaguzi ule ule wa mwaka 1840, mwaka mmoja hivi baada ya neno kuchapishwa Boston. Jackson alikuwa rais kabla ya Van Buren na kiongozi mwenzake wa chama, na tahajia yake ilitaniwa sana, hivyo wapinzani wakadai kwamba aliidhinisha nyaraka kwa kuandika O.K. akidhani "all correct" huanza hivyo. Kumsingizia Jackson kulimgonga Van Buren pia. Ilikuwa propaganda iliyotungwa vizuri, ndiyo maana imeishi.

Baadaye walitokea watu na kile walichokiona kuwa uthibitisho: kumbukumbu ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790 inayomtaja Jackson na kuonekana ina herufi O.K. Walioichunguza vizuri waliona ni O.R., yaani "Order Recorded", amri imeandikishwa. Ilikuwa R yenye mkia tu.

Vipi kuhusu lugha ya Wachoctaw?

Hii ina heshima zaidi. Wachoctaw ni wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, na lugha yao ina kipashio kinachosikika kama "okeh", chenye maana inayokaribia "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini asili hiyo kiasi cha kuandika "okeh" badala ya OK anapoidhinisha nyaraka. Kampuni ya santuri ya Okeh, iliyoanzishwa mwaka 1918, ilitumia tahajia hiyo pia, ingawa ilikuwa ikicheza na herufi za mwanzo za jina la mwanzilishi wake, Otto K. E. Heinemann.

Tatizo ni mnyororo. Ili nadharia isimame, tunahitaji kuona wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa jirani na Wachoctaw wakitumia neno hilo kabla ya mwaka 1839, kisha tuone likisafiri hadi Boston. Lakini maandishi ya mwanzo kabisa yanatoka Boston kwenyewe, mbali na Wachoctaw, na yamejaa vifupisho vya kaka na dada zake.

Na asili ya Afrika Magharibi?

Nadharia hii inataja Kiwolof cha Senegal na Gambia, ambako "waw" ni ndiyo na "waw kay" ni ndiyo ya kusisitiza. Mwanaisimu David Dalby ndiye aliyeipa nguvu, akisema Waafrika waliofanywa watumwa waliipeleka Marekani. Kwa jumla wazo lenyewe si la kupuuzwa: Kiingereza cha Marekani kimechukua maneno kadhaa kutoka Afrika Magharibi, na wanaodharau mchango huo mara nyingi hawajausoma.

Hata hivyo kwa neno hili mahususi, kikwazo ni kile kile tulichokieleza kwenye jibu la Wachoctaw. Kufanana kwa sauti kunafungua swali. Kulifunga kunahitaji maandishi yenye tarehe, na maandishi hayo yanaelekea Boston.

Nimesikia pia ni Kigiriki, Kifaransa, biskuti za jeshi, na "sifuri waliouawa". Ipi ni kweli?

Hakuna. Kigiriki kina "ola kala", yote mazuri, na ni sadfa ya kupendeza tu. Kifaransa kinahusishwa na Aux Cayes, bandari ya Haiti iliyosifika kwa pombe yake. Biskuti za O. Kendall zililiwa na wanajeshi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, zaidi ya miaka 20 baada ya neno kuchapishwa. "0 Killed", yaani sifuri waliouawa vitani, inakwama palepale.

Kuna shajara ya mwaka 1815 yenye "ok". Je, haiangushi habari ya Boston?

Haiangushi. Shajara hiyo ni ya msafiri aitwaye William Richardson, aliyetoka Boston kwenda New Orleans. Katika sentensi inayotaja kijiji cha Princeton, kuna herufi zinazosomeka "ok" kabla ya kutaja mji wa Trenton. Ikisomwa kwenye chapa, inavutia. Ikisomwa kwenye mwandiko wenyewe, sehemu hiyo ina masahihisho na ufutaji, na Read alihitimisha kwamba ni mabaki ya mwandishi aliyekuwa akijirekebisha. Isitoshe, sentensi yenyewe haihitaji neno la kukubali mahali pale. Neno lililokuwa hai mwaka 1815 lingepaswa kuonekana tena mahali fulani katika miaka 24 iliyofuata, si kujificha ndani ya shajara moja.

Nitajuaje hadithi ya asili ya neno ni ya kweli au ya kutungwa?

Uliza tarehe kwanza. Je, neno lilikuwa limeshaandikwa kabla ya tukio linalodaiwa kulizaa? Swali hilo peke yake linaondoa biskuti na vita. Kisha uliza njia: lilitokaje kwa watu hawa hadi kwa wale? Mwisho, iangalie hadithi yenyewe kwa jicho baya kidogo. Ikiwa ina shujaa maarufu, kisa cha kuchekesha na hitimisho safi, yaelekea kuna mtu aliing'arisha. Asili ya kweli ya OK haina shujaa. Ni mzaha dhaifu wa wahariri wawili, na tunadhani hiyo ndiyo sababu watu wengi wanaukataa: wanataka neno kubwa namna hii liwe na mzazi anayelingana nalo.

## Matumizi ya kila siku

Kwa nini mtu akinijibu "OK" tu kwenye ujumbe nahisi amekasirika?

Kwa sababu umetoa kingi na umepokea kidogo. Umeandika aya nzima, ukaeleza mpango wa wiki, ukaweka na kicheko, naye akarudisha herufi mbili. OK haisifu wala hailaumu, kama tulivyosema mwanzo, kwa hiyo mahali ulipotarajia joto, ubaridi wake unaonekana. Ana kwa ana sauti ingeziba pengo hilo: "okeeei" ya kuvutwa, "OK!" ya haraka yenye tabasamu, au "OK..." ya mtu mwenye mashaka. Kwenye maandishi vyote hivyo vinapotea.

Ndiyo maana watu wamebuni vivuli. Tazama majibu haya kwa swali moja, "Tukutane saa kumi?":

"Okay!" ni mtu mwenye furaha. "OK" ni mtu mwenye shughuli. "Okay." yenye nukta, hasa kutoka kwa kijana, inaweza kusomeka kama mlango uliofungwa. "K" peke yake huonwa na wengi kuwa ni dharau, na "kk" kwa ajabu ni laini kuliko "K", kana kwamba kuongeza herufi moja kunaonyesha mtu amejihangaisha. Hakuna kamusi iliyoamua hivyo. Watumiaji wameafikiana wenyewe, na mwandikaji wa umri mkubwa anaweza kuweka nukta kwa sababu tu alifundishwa kwamba sentensi huisha kwa nukta. Kabla ya kununa, fikiria ni nani aliyeandika.

"I'm OK" ni ndiyo au hapana?

Inategemea swali. Ukiulizwa "Are you OK?" baada ya kuanguka, "I'm OK" ni "niko salama". Ukiulizwa kama unataka kuongezewa kinywaji, "I'm OK" ni "hapana, nashukuru". Wanaojifunza Kiingereza huchanganyikiwa hapa mara nyingi: wanadhani wamekubali na glasi inapita. Ukitaka kukubali, sema "Yes, please".

OK ni neno rasmi? Naweza kulitumia kazini?

Katika mazungumzo ya kazini na barua pepe za kawaida, bila shaka. Katika mkataba, tasnifu au barua ya kuomba kazi, tumia neno lingine lenye uzito na maana kamili: "approved", "acceptable", "satisfactory". Tatizo la OK katika maandishi rasmi ni kwamba haisemi umekubali kiasi gani. Kisa cha mwisho kwenye ukurasa huu kinaonyesha jambo hilo linaweza kugharimu nini.

Kwa nini wazungumzaji huanza sentensi na "OK, so..." wakati hakuna aliyewauliza chochote?

Hapo OK haimaanishi kukubali. Ni alama ya kugeuza ukurasa. Mwalimu akiingia darasani akasema "OK", anatangaza kwamba soga imekwisha na somo linaanza. Mwenyekiti wa kikao huitumia kufunga ajenda moja na kufungua nyingine.

## Tahajia na sarufi

Niandike OK, O.K., ok au okay?

Zote zinakubalika, mradi uchague moja na uishikilie. OK na O.K. ndizo zinazolingana na asili yake ya kifupisho. "Okay" ilikuja baadaye, watu walipoliandika kama linavyotamkwa, na inapendwa na waandishi wa hadithi kwa sababu herufi kubwa hupiga kelele katikati ya mazungumzo ya wahusika. Shirika la habari la Associated Press huwaelekeza waandishi wake watumie OK. Katika Kiswahili cha kuandikiana utakuta OK, oke na okei; sisi tungeandika OK, au "sawa" pale neno hilo linapofaa.

Ni aina gani ya neno?

Karibu kila aina. Ni kivumishi katika "an OK plan", kielezi katika "the car runs OK", nomino katika "we got the OK", kitenzi katika "the boss OK'd it", na kihisishi linaposimama peke yake. Kitenzi ndicho kinacholeta taabu, kwa kuwa OK ikipachikwa viambishi hutoa maumbo kama OK'd na OK'ing. Kama yanakukera, andika "okayed" na "okaying".

A-OK ilitoka wapi?

Ilipata umaarufu tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard aliporuka na kuwa Mmarekani wa kwanza kufika angani. Msemaji wa NASA, John Powers, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mambo yalikuwa A-OK, na magazeti yakamwekea Shepard kinywani. Shepard mwenyewe hakulitamka.

Tukiwa huko huko angani: chombo cha Apollo 11 kilipogusa Mwezi mwaka 1969, Buzz Aldrin alitaja kuwaka kwa taa ya mguso, kisha akasema "Okay. Engine stop." Ile hatua ndogo ya Neil Armstrong ilikuja saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo OK ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa kusemwa na mwanadamu akiwa juu ya Mwezi.

## Ishara na mitambo

Ishara ya kuunganisha kidole gumba na cha shahada ina maana gani, na ni salama kuitumia?

Wapiga mbizi huitumia kila siku chini ya maji, na kwao ni lugha ya usalama: kiongozi anauliza kwa ishara hiyo, nawe unajibu kwa ishara hiyo hiyo. Usimjibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, kwa sababu kwao hicho ni "tupande juu", na utakatisha mbizi ya watu wote.

Nchi kavu mambo hubadilika. Japani ishara hiyo inaweza kumaanisha fedha, kwa umbo la sarafu. Ufaransa inaweza kusomeka kama sifuri, yaani kitu kisichofaa. Brazili ni tusi. Kisha mwaka 2017 watumiaji wa jukwaa la mtandaoni la 4chan walianzisha uzushi kwamba ni ishara ya ubaguzi wa rangi ya wazungu, wakitaka kuwacheka watakaoamini. Wabaguzi wa kweli wakaipenda na kuanza kuitumia, na mwaka 2019 taasisi ya Marekani ya Anti-Defamation League ikaiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki, huku ikikumbusha kwamba mara nyingi inabaki na maana yake ya kawaida. Ukiwa ugenini, tabasamu na kutikisa kichwa havina tatizo hilo.

Kwa nini kompyuta zina kitufe cha OK?

Kisa chake kinachekesha. Wahandisi wa Apple walipokuwa wakitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It". Katika majaribio, baadhi ya watu walikuwa wakikwepa kukibofya. Mmoja alipoulizwa, alilalamika kwamba programu inamwita "dolt", yaani mjinga: kwenye skrini zile I kubwa ilifanana na l ndogo, na nafasi kati ya maneno ilikuwa finyu. Wakabadilisha na kuweka OK. Kwenye intaneti nako, seva inayotimiza ombi lako bila tatizo hujibu kwa namba 200, ambayo jina lake rasmi ni OK.

Je, jimbo la Oklahoma na mapigano ya OK Corral vina uhusiano na neno hili?

Oklahoma haina. Jina hilo linatokana na maneno ya Kichoctaw "okla" na "humma", watu wekundu, na kifupisho chake cha posta kuwa OK ni sadfa. Kuhusu OK Corral ya Tombstone, Arizona, zizi la farasi lilibeba herufi hizo kama jina la biashara, jambo linaloonyesha zilivyokwisha kuzoeleka. Mapigano yenyewe ya kurushiana risasi, ya tarehe 26 Oktoba 1881, hayakutokea hata ndani ya zizi hilo, bali kwenye kiwanja kilicho wazi jirani nalo.

## Yenye utata

"OK boomer" ni tusi?

Ni kejeli ya kizazi kipya kwa wazee, hasa waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilivuma mwaka 2019, na Novemba mwaka huo mbunge wa New Zealand, Chlöe Swarbrick, aliyekuwa na miaka 25, aliitamka bungeni alipokatizwa akizungumzia mabadiliko ya tabianchi. Ukali wake umo kwenye OK, wala si kwenye "boomer". Msemaji hapingi hoja. Anaipokea kwa neno lile lile lisilosifu wala kulaumu, na kwa kufanya hivyo anasema haistahili kujibiwa. Mwenye kuambiwa hivyo huumia kuliko angebishiwa.

Nikijibu "OK" kwa mkataba niliotumiwa kwenye simu, nimesaini?

Inawezekana. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kesi ya mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, akaombwa athibitishe. Alijibu kwa emoji ya kidole gumba. Mbegu hazikufika, bei ilikuwa imepanda, na mnunuzi akashitaki. Mkulima alijitetea kwamba kidole kile kilimaanisha tu "nimeupata ujumbe". Kilichomponza ni historia: mikataba ya awali kati yao ilithibitishwa kwa majibu mafupi kama "ok" na "yup", na kila mara alipeleka mzigo. Jaji aliona emoji ile ni mwendelezo wa desturi hiyo, akamtaka alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini chimbuko la mgogoro ni lile lile popote: OK inaweza kuwa "nimekubali" na inaweza kuwa "nimeona". Ukitumiwa waraka ambao bado hujauamua, andika wazi: "Nimepokea, sijakubali bado. Nitausoma kisha nikujibu."